Ameenda Kazi, Yuko Sebuleni

Nimechoka kuelezwa. Kila mjukuu anayekuja kuniona ananikalisha chini na kunieleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba siku hizi mtu anaweza kufanya kazi akiwa nyumbani. Anafungua kompyuta yake juu ya meza yangu ya chakula, anasukuma kando sahani ambayo sijamaliza, ananionyesha nyuso za wenzake walioko Nairobi na Mombasa na ng'ambo, halafu ananitazama akingoja nishangae. Sishangai. Nilifanya kazi ya ofisi ya Kericho nikiwa sebuleni kwangu upande wa Kapkatet kabla mama zenu hawajaota meno. Sikuwa na umeme, sikuwa na simu. Nilikuwa na taipureta nzito kama kondoo, mtoto mchanga, mama mkwe, na majirani walioamini kwamba sina la kufanya.

Baada ya kunieleza mnaanza kulalamika. Bosi haniamini, anataka niwashe kamera. Watu wa nyumbani wananituma dukani katikati ya mkutano. Nina digrii na kazi niliyopewa haina kichwa wala miguu. Mnayasema haya kana kwamba yalizaliwa juzi, nanyi ndio mliokuwa wakunga. Basi leo mtanyamaza nyinyi, nieleze mimi.

Nilikuwa mpiga taipu. Nilisomea kazi hiyo Kisumu baada ya shule, nikaja Kericho kwa sababu kaka yangu alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya majani chai na alisikia ofisi kuu ya kampuni yao inatafuta msichana anayejua taipu. Kampuni sitaitaja. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na katika ofisi ile ya watu wengi nilikuwa mwanamke peke yangu. Karani mkuu alikuwa Mzee Obonyo, mtu wa kandokando ya ziwa, mwembamba, shati jeupe kila siku ya Mungu, na sikumbuki kumwona akicheka. Yeye ndiye aliyenifunza kazi. Kule Kisumu nilifunzwa kugonga herufi tu.

Hamjui stensili, kwa hivyo nitawaambia. Ni karatasi yenye nta. Unaitia kwenye taipureta bila utepe wa wino, herufi zinaikata, halafu inafungwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono na wino unapita kwenye ile mikato. Stensili moja inatoa nakala za shamba zima. Lakini ukigonga herufi o kwa nguvu, inakatika duara lote linadondoka, na kila nakala inatoka na tone jeusi mahali pa o. Notisi yangu ya kwanza ilikuwa na matone hayo mwanzo hadi mwisho, kama kuku aliyetembea juu yake akitoka matopeni. Mzee Obonyo hakunigombeza. Aliiweka mbele yangu, akavuta kiti, akaniambia: "O ni yai. Yai halipigwi ngumi." Tangu siku hiyo kidole changu kinachogonga o kina adabu kuliko vingine vyote, hata leo nikibonyeza simu.

Alinifunza pia kwamba Kericho mvua inanyesha karibu kila alasiri na karatasi zinajikunja kwa unyevu, kwa hivyo kazi nzito ifanywe asubuhi. Alinifunza kuchokoa nta ndani ya herufi e na a kwa pini, la sivyo zinaziba na mtu anasoma madoa. Alinifunza kukunja blanketi kuukuu na kuliweka chini ya taipureta ili meza isipige kelele. Na alinifunza kwamba mpiga taipu habadilishi neno la mwandishi. Akiandika upuuzi, piga upuuzi huo vizuri, bila kosa, na pambizo zilingane. Somo hilo ndilo lililonichosha kuliko yote.

Nikaolewa na Zakaria, fundi wa mitambo, mtu wa kwetu Kisii. Hatukukaa sana akahamishiwa kwenye kiwanda cha kampuni ileile upande wa Kapkatet, na mimi tayari nilikuwa mjamzito. Desturi ya ofisi ilijulikana: tumbo likionekana, unashukuru kwa ushirikiano na kwenda. Nikaenda. Walijaribu wasichana wawili mmoja baada ya mwingine, na wote wawili walipiga mayai ngumi. Mzee Obonyo alivumilia, kisha akaingia kwa meneja, Mzungu mmoja mrefu aliyependa mambo mafupi, akamwambia kwamba lori la kampuni linakwenda kiwanda cha Kapkatet asubuhi na kurudi jioni, kwamba Esta yuko kule, na kwamba barua haijui imepigiwa taipu wapi. Meneja akauliza kama kazi itafika. Mzee Obonyo akasema itafika. Mazungumzo yaliishia hapo. Wiki hiyo Kerubo, mtoto wangu mchanga, akiwa bado ananyonya kila akifumbua macho, lori likasimama mbele ya nyumba na dereva akashusha taipureta.

Nyinyi mngeiita bahati. Hata mimi niliiita bahati kwa siku chache.

Kazi yenyewe haikunishinda. Lori lilileta bahasha asubuhi, jioni likachukua nilichomaliza na kuniachia stensili mpya na karatasi za kaboni, zile za buluu za kutolea nakala. Watu ndio walionishinda. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mstari wa nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, mlango mmoja mbele na mwingine nyuma, na jirani yangu Mama Chepkoech aliuza maziwa sokoni Kapkatet. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulionipa tabu. Alikuja asubuhi akiwa na watoto wake, akawaketisha kwenye mkeka wangu na kusema: "Mama Kerubo, nakuachia hawa kidogo. Wewe si uko tu."

Uko tu. Sikilizeni maneno hayo vizuri, kwa sababu nilikuja kuyasikia hadi masikio yakawasha. Mwalimu wa kwaya alileta nyimbo zipigwe taipu, kwa kuwa niko tu. Wanawake wa mstari waliniachia mahindi yao niyachunge yasiliwe na kuku, kwa kuwa niko tu. Zakaria mwenyewe, ambaye alijua vizuri kwamba nina kazi kwa sababu nilimlalamikia kila siku, alikuwa akija na mafundi wenzake saa ya chakula na kuuliza kama kuna ugali. Nilimwuliza kama nilipokuwa ofisini Kericho angeleta mafundi pale. Alicheka akasema huko kulikuwa ofisini.

Halafu akaja mama mkwe kutoka Kisii kunisaidia na mtoto. Yeye alikuwa wazi zaidi. Alikaa siku kadhaa akinitazama nikigonga mashine, kisha akamwuliza Zakaria, nami nikisikia, kwamba mke wako atacheza na kile kitu mpaka lini, na shamba la mboga nyuma ya nyumba atalilima nani. Zakaria akamweleza kwamba ile ndiyo kazi. Akasema kazi anaijua: mtu anavaa, anatoka, anaenda. Huyu haendi.

Nilikasirika siku hiyo, lakini jambo lile halikunitoka akilini. Asubuhi iliyofuata nilimnyonyesha Kerubo nikamkabidhi nyanya yake. Nikavaa sketi yangu ya ofisini, blauzi, viatu vya kisigino. Nikachukua mkoba. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, naenda kazi," nikatoka kwa mlango wa mbele, nikasalimia majirani waliokuwa wakifagia, nikashuka barabarani hadi mwisho wa mstari, nikazunguka nyuma kwa njia ya mabomba ya maji, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikajifungia sebuleni. Saa ya chakula nilitoka vilevile na kurudi kwa mbele. Jioni pia.

Mnacheka. Nilijiona mjinga nikizunguka nyumba yangu mwenyewe kwa visigino katika matope ya Kapkatet. Lakini ilifanya kazi. Mama Chepkoech aliniona nikienda, na aliyeenda hayuko, kwa hivyo watoto aliwapeleka kwa mwingine. Kelele za taipureta zilisikika mstari mzima na hakuna aliyezijali. Mwalimu wa kwaya alibisha mlango wa mbele, mama mkwe akamfungulia kidogo, akamwambia bila kupepesa macho: "Hayuko. Ameenda kazi." Nami ndani ninagonga. Mama mkwe hakuona kwamba anadanganya. Nilikuwa nimevaa, nimetoka, nimeenda. Tangu siku hiyo hakuniletea mtoto isipokuwa ananyonya, hakuniuliza habari ya mboga, na mtu akiukaribia mlango alimfukuza kama mlinzi wa benki. Miezi mingi ilipita hivyo, na nitasema bila haya kwamba sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Mnaona mahali mambo yanapoelekea. Mimi sikuona.

Ofisi ya Kericho ilikuwa imeajiri kijana aliyetoka chuo kikuu Nairobi, Bwana Rotich, mwenyeji wa upande wa Boito. Wakati huo kampuni zilikuwa zinatafuta Waafrika wenye digrii kwa haraka, na wakishawapata hazikujua ziwafanyie nini. Huyu alipewa meza, saa ya mkononi ya kampuni, na kazi ya utafiti: achunguze wafanyakazi wote wanavyotumia muda wao, ili wakubwa wajue ni kazi gani zinahitajika na zipi zinaweza kuondolewa. Alianza mashambani, akasimama nyuma ya wachuma chai na saa yake. Akaenda viwandani. Akarudi ofisini akahesabu makarani. Akakuta jina moja kwenye orodha ya mishahara ambalo halina kiti.

Angemwuliza Mzee Obonyo, yote yangekwisha kwa dakika moja. Lakini kanuni ya utafiti wake ilikuwa kwamba mtu asijue anachunguzwa, la sivyo atajifanya hodari. Kwa hivyo akapanda gari akaja Kapkatet bila kumwambia yeyote.

Alikuja alasiri, mvua ikimwagika. Wanaojua mvua ya kwetu juu ya bati wanajua kwamba chini yake huwezi kusikia ng'ombe akilia mlangoni, sembuse taipureta. Mimi nilikuwa sebuleni nikikata stensili ya kanuni mpya za kambi za wafanyakazi. Mama mkwe alikuwa barazani na Kerubo mgongoni. Kijana akasimama mvuani amevaa suti, akamwamkia kwa heshima, akauliza kama hapa ni kwa Esta. Mama mkwe akasema ndiyo. Akauliza Esta yuko. Mama mkwe akamwambia hayuko, ameenda kazi. Akauliza ameenda kazi wapi. Mama mkwe, ambaye hakupenda kuulizwa maswali na vijana wa suti, akamwambia kazi ni kazi, anaenda asubuhi anarudi jioni, kila siku, hakosi. Bwana Rotich akashukuru, akaandika, akaondoka. Mama mkwe hata hakuniambia. Alikuwa amefukuza wengi wiki hiyo.

Lori la siku chache baadaye halikuleta bahasha ya kazi. Lilileta barua kwamba imethibitishwa nimeajiriwa kwingine nikiendelea kula mshahara wa kampuni, na dereva alikuwa ameagizwa arudi na taipureta. Alishindwa kunitazama machoni. Alifunga mashine kwenye blanketi langu na blanketi nalo likaenda.

Zakaria alirudi akakuta mimi na mama mkwe tumekaa na barua mezani. Nilimwuliza mama mkwe mara moja tu kama kuna mtu alikuja, akanieleza yote, na alipokuwa akieleza nikaona uso wake unabadilika. Hakulia. Alifunga leso yake na kusema kesho tutaenda kwa huyo Mzungu wote.

Tukaenda. Ofisini kwa meneja walikuwa meneja, Bwana Rotich na Mzee Obonyo, aliyetakiwa kutafsiri. Nilitaka kueleza mwenyewe lakini meneja akasema aanze shahidi. Mama mkwe alikuwa na Kiswahili cha sokoni na alikitumia chote. Aliulizwa kama alimwambia huyu bwana kwamba Esta ameenda kazi. Akasema alimwambia. Akaulizwa Esta alikuwa wapi wakati huo.

"Ndani," akasema.

Meneja akamwomba Mzee Obonyo atafsiri tena. Mzee Obonyo akatafsiri vilevile, neno kwa neno, bila uso wake kusogea. Mama mkwe akaona hawamwelewi, akasimama akawaonyesha kwa mikono: anatokea hapa, anapita huku, anaingia huku, anafunga mlango. Kila siku. Hakosi. Na akiwa huko ndani hata mtoto wake hamshiki, ndiyo maana mimi niko pale.

Meneja alinitazama. Nadhani alikuwa anaamua kama nahitaji daktari. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikasirisha mimi. Alisema anaamini sikuajiriwa kwingine, na kwamba kazi yangu haina dosari. Lakini utafiti unaendelea, na mtu asiyeonekana hawezi kuchunguzwa, na zaidi ya hayo makarani wengine wameanza kuuliza kama nao wanaweza kubeba kazi nyumbani. Kwa hivyo nirudi kwenye kiti changu Kericho mpaka utafiti uishe, au niache.

Tulihitaji ule mshahara. Nikarudi kwenye kiti.

Lori lilitoka Kericho asubuhi na kurudi jioni, kinyume na safari yangu, kwa hivyo ilinibidi kulala kwa kaka yangu Kericho wiki nzima na kwenda nyumbani Jumamosi. Kerubo aliachishwa kunyonya kwa siku moja, bila maandalizi. Sitawaeleza sana. Wanawake mnaonisikiliza mnajua kifua kinavyokuwa wiki hiyo, na kwa nini nilivaa sweta ofisini hata jua likiwaka.

Na kazi gani niliyoitiwa? Kazi yote ya siku niliimaliza kabla ya chai ya asubuhi, kwa sababu hapakuwa na wa kunikatiza. Halafu nikakaa. Hakuna kitu kinachochosha kama kukaa ukionekana. Nilijifunza kuacha karatasi ndani ya mashine ikiwa na nusu ya mstari, na mtu akipita naongeza neno. Makarani wote walikuwa na ufundi kama huo. Bwana Rotich alipita na saa yake, akatuandika wote kwamba tuko, tunafanya kazi. Katika karatasi zake sijawahi kuwa mfanyakazi hodari kama miezi hiyo niliyokuwa sifanyi chochote.

Siku moja alisimama kwenye meza yangu, akazungukazunguka, kisha akaniomba radhi. Alisema aliandika alichoambiwa. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu vibaya lakini uso wake ulinizuia. Akanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye ni wa kwanza kutoka kwao Boito kufika chuo kikuu. Walichinja fahali alipomaliza. Alisomea historia. Akienda nyumbani wazee wanamwuliza ni watu wangapi walio chini yake, na hawezi kuwaambia kwamba anapima muda ambao karani anachukua kunywa chai. Nikamwuliza kwa nini haachi. Akasema: "Mama, nikisimamisha hii saa sina kazi nyingine."

Kwa hivyo mnaponiambia zamani digrii ilikuwa na maana, mkumbuke huyo kijana na saa yake.

Hata hivyo huruma yangu haikufika mbali. Jumamosi moja nilifika nyumbani na mandazi kwenye mkoba, nikachuchumaa mlangoni nikamwita Kerubo. Alikuwa ameanza kutembea bila mimi kuona. Alinitazama vile mtoto anavyomtazama mgeni mwenye mandazi, akaenda kujificha nyuma ya nyanya yake na kuushika mguu wake. Mama mkwe alijaribu kumsukuma mbele. Alikataa. Nilikula mandazi yale mwenyewe.

Mama mkwe alingoja hadi kesho yake baada ya kanisa. Ndipo akamfunga Kerubo mgongoni kwangu kwa leso, akakaza fundo, akasema nimpeleke ofisini wakamwone, kwa kuwa wanapenda kuona vitu.

Jumatatu asubuhi niliingia ofisini na Kerubo. Nilitandika leso sakafuni kando ya meza, nikamketisha, nikatia karatasi kwenye mashine. Watoto hawakuruhusiwa hata getini. Bwana Rotich alikuja na karatasi zake za mahudhurio, akasimama, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, kalamu hewani. Akaniuliza aandike nini sasa.

Nikamwambia: "Andika tuko wawili."

Hakuandika. Aliondoka akarudi, akaondoka tena. Kerubo kwa upande wake aliipenda ofisi. Alivuta waya wa simu ya karani wa mishahara. Alitoa karatasi kwenye kikapu cha taka akazigawa kwa kila meza. Kisha nikageuka kupokea bahasha, na nilipomtazama tena alikuwa ameipata kaboni na alikuwa anaila. Uso wote ulikuwa wa buluu iliyokolea, mikono pia, na alipoona watu wanamtazama akacheka na meno yakawa ya buluu. Nilipomkimbilia akakimbia, akashika suruali ya Bwana Rotich kwa mikono yote miwili.

Hapo meneja akatoka ofisini kwake. Alimtazama mtoto wa buluu. Akamwuliza Mzee Obonyo huyu ni wa nani.

Mzee Obonyo akafunga jalada lililokuwa mbele yake. "Ni wa ofisi, bwana," akasema.

Kama kulikuwa na kicheko popote katika maisha ya mzee yule, kilipita usoni pake wakati huo, na sina hakika. Meneja alirudi ndani akafunga mlango. Kabla ya saa ya chakula dereva, ambaye lori lake lilichelewa kutoka siku hiyo, alikuja kunong'ona kwamba ameambiwa apakie taipureta, mpiga taipu na huyo mtoto awarudishe Kapkatet, na kwamba Bwana Rotich amalize utafiti wake kwa waliobaki. Bwana Rotich ndiye aliyebeba mashine hadi kwenye lori. Suruali yake ilikuwa na viganja viwili vya buluu juu ya magoti na hakuwa ameona, au alikuwa ameona na hakujali.

Nilidhani mambo yamekwisha. Kerubo alichukua muda kunirudia. Kwa wiki nzima alilala kwa nyanya yake, halafu siku moja akabadilisha mawazo bila kutoa sababu.

Utafiti nao ukaisha. Na ripoti ya utafiti inahitaji kupigwa taipu, na mpiga taipu ni nani? Lori likaileta, furushi zima kwa mwandiko wa Bwana Rotich, mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Nilikata stensili zake kwa siku nyingi. Alikuwa ameandika kwa akili, sitamnyima hilo. Alieleza wachuma chai wanavyopoteza muda wakingoja kupimiwa majani, na alikuwa na haki. Kisha nikafika kwenye jedwali la wafanyakazi wa ofisi. Kila kazi ilikuwa na mstari wake, na mbele yake kama mtu alionekana kwenye kiti. Karani mkuu, yupo. Karani wa mishahara, yupo. Mhudumu wa chai, yupo. Nikashuka kidole hadi kwenye mstari wangu. Mpiga taipu: nafasi iko wazi.

Niliinua mikono kutoka kwenye mashine. Nikaisoma tena. Kabla ya kugonga herufi moja zaidi nikaiandikia ofisi kwamba nina swali, na Bwana Rotich akaja na lori la kesho yake. Safari hii alipitia mlango wa mbele na mama mkwe akampa chai. Nilimwonyesha mstari ule. Aliona aibu, nadhani ya kweli. Alieleza kwamba jedwali lina safu ya aliyeko ofisini na safu ya kiti kitupu, na kiti changu siku ya kuhesabu kilikuwa kitupu. Hakukuwa na safu ya mtu aliyeko kwingine akifanya kazi. Nikamwambia achore moja.

Alifikiria. Aliitazama ripoti yake, akaitazama taipureta, akamtazama Kerubo aliyekuwa anamchunguza suruali. Akasema meneja ameshaipitisha hivyo ilivyo, na wakubwa wa Nairobi wanaisubiri.

Mpiga taipu habadilishi neno la mwandishi. Nilirudi mezani nikaupiga mstari ule kama alivyouandika, pambizo zikalingana, o zote zikiwa nzima. Ripoti ilisifiwa. Mzee Obonyo aliniambia kwamba Nairobi waliisoma wakasema ni safi kabisa, haina kosa hata moja la taipu. Bwana Rotich aliitiwa kazi huko kwa sababu yake, kazi halisi, ya kuchunguza ajira za nchi nzima, na nilisikia wazee wa Boito walichinja tena. Mimi niliendelea pale sebuleni hadi mtoto wangu wa mwisho alipoanza shule.

Kwa hivyo msinieleze habari za kazi isiyoonekana. Utafiti wa kwanza kufanywa juu yake katika kampuni ile ulisomwa na wakubwa wote, ukafungiwa kabatini, na kwa mujibu wake ulijipiga taipu wenyewe.